Elektrolisisi ya maji ya bahari: kwa nini tulipata utando mweupe ambao kitabu hakiutaji?

MwalimuPwani ameuliza:

Salaam, ndugu wanajukwaa.

Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari iliyo karibu na bahari, upande wa Pangani, na kwa kuwa stoo ya maabara yetu haina kemikali za kutosha, mwaka huu niliona somo la elektrolisisi tulifanye kwa kitu ambacho hatuhitaji kukinunua. Wanafunzi walichota ndoo moja ya maji ya bahari wakati wa maji kujaa, tukayaacha usiku kucha ili mchanga utuame, na asubuhi tukayagawa katika chupa tatu za jemu. Umeme tuliutoa kwenye chaja kuukuu za simu, zile za volti 5, baada ya kukata ncha za waya na kutambua kwa mita upande chanya na upande hasi.

Kundi la kwanza lilitumia misumari miwili ya inchi nne, kundi la pili likatumia fimbo za kaboni tulizozitoa katika betri za tochi zilizokwisha, na kundi la tatu likatumia vipande vya waya wa shaba uliochunwa. Kitabu cha kiada kinasema kwamba maji ya chumvi yakipitishiwa umeme hutoa klorini kwenye anodi (elektrodi ya upande chanya) na haidrojeni kwenye kathodi (ya upande hasi), na kwamba kinachobaki ndani ya chombo ni haidroksidi ya sodiamu.

Kwenye kathodi, makundi yote matatu yalipata viputo vingi, na hapo sina swali. Hata hivyo, baada ya dakika kumi hivi maji yaliyoizunguka kathodi yalianza kuwa meupe kama tui jepesi, na baada ya nusu saa elektrodi yenyewe ilikuwa imevaa utando mweupe unaokwanguka kwa ukucha. Kwenye anodi kila kundi lilikuwa na habari yake. Misumari haikutoa harufu yoyote ya klorini. Badala yake lilishuka tope la kijani lililokaribia weusi, ambalo kufikia jioni lilikuwa limegeuka rangi ya kutu. Shaba nayo haikunuka. Ilitoa tope la manjano lililochanganyika na kijani, na waya ukawa mwembamba. Kaboni peke yake ndiyo iliyonuka kama jiki, na karatasi ya litimasi iliyolowa tuliyoishika juu yake ilipoteza rangi kabisa, ingawa maji yake nayo yalijaa vumbi jeusi.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, kitu hicho cheupe ni nini, ikiwa haidroksidi ya sodiamu inayeyuka katika maji? Pili, kwa nini klorini ilitoka katika kundi moja tu? Tatu, kitabu kinatofautisha mmumunyo wa chumvi uliokolea, ambao hutoa klorini, na ule hafifu, ambao hutoa oksijeni. Maji ya bahari yahesabiwe upande upi? Mwanafunzi mmoja aliniuliza mbele ya darasa kama kitabu ndicho kinachokosea au bahari, na kwa kweli sikuwa na jibu la kumridhisha.

---

KijanaWaChuo amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Kwa maoni yangu kitu hicho cheupe ni chumvi ya kawaida tu. Umeme huyapasha maji moto karibu na kathodi, maji hupungua, na chumvi hujitenga, kama inavyotokea katika mashamba ya chumvi jua likiwa kali.

---

MkemiaMstaafu amejibu:

Mwalimu, hongera kwa kuthubutu, na hongera zaidi kwa kuandika mliyoyaona badala ya kuandika yale ambayo kitabu kiliwataka muyaone. Nitaanza na kijana wetu wa chuo, kwa sababu dhana yake inapimika kwa dakika tano.

Mwanangu, chumvi ya mezani ingekuwa imejitenga, ingeyeyuka tena mara tu ukichovya elektrodi hiyo katika maji baridi, kwa kuwa lita moja ya maji huweza kubeba zaidi ya gramu 350 za chumvi hiyo, na maji ya bahari hayajafika hata sehemu ya kumi ya kiwango hicho. Mwalimu na akwangue utando ule, ausuuze vizuri katika maji safi mara mbili au tatu, kisha auweke kwenye sahani na kuudondoshea siki. Ninatabiri kwamba hautayeyuka katika maji lakini utatoweka katika siki. Ukitoweka kimyakimya, ni haidroksidi ya magnesiamu. Ukitoa povu, ndani yake mna kaboneti ya kalsiamu. Tahadhari moja: kusuuza si hiari. Siki au ndimu ikikutana na maji yenyewe ya kundi la kaboni, ambayo sasa ni jiki hafifu, hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo si ya kuchezewa.

Sasa turudi kwenye maswali. Kitabu hakikukosea, ila kinazungumzia maji yaliyotiwa chumvi ya mezani, na bahari ni mchanganyiko mwingine. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina zote. Kloridi ni gramu 19 na ushei, na sodiamu ni karibu gramu 11. Zinazobaki ndizo zilizowachanganya: salfeti gramu 2.7, magnesiamu gramu 1.3, kalsiamu gramu 0.4, potasiamu kiasi kama hicho, pamoja na bikaboneti na bromidi kidogo.

Kwenye kathodi sodiamu haitui, kwa sababu maji hupokea elektroni kwa urahisi mkubwa kuliko ioni za sodiamu:

2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Yaani kila molekuli ya haidrojeni inayopanda juu huacha nyuma yake ioni mbili za haidroksidi. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ya takriban 8.1, lakini ioni hizo hurundikana jirani kabisa na kathodi na kuipandisha pH ya mahali hapo, na inapokaribia 9.5 magnesiamu haiwezi tena kuendelea kuyeyuka kando ya haidroksidi. Vinashikana na kuwa Mg(OH)₂, unga mweupe usiopenda maji. Ukienda famasi na kuomba dawa nyeupe ya kiungulia, ile ya kutikisa chupa kabla ya kunywa, mara nyingi utapewa kitu hichohicho. Haidroksidi ya sodiamu ambayo kitabu kinaitaja haikukosekana. Ilianza kutengenezwa, lakini magnesiamu iliipokonya haidroksidi kabla haijakusanyika.

Kalsiamu nayo huingia kwa mlango mwingine. Besi, yaani haidroksidi ile ile, hugeuza bikaboneti iliyo majini kuwa kaboneti, na kaboneti hushikana na kalsiamu kuwa CaCO₃, ambayo ndiyo inayojenga makombe na matumbawe. Umeme ukiwa mdogo na wa muda mrefu, kalsiamu hupata nafasi na ukoko huwa mgumu kama jiwe; umeme ukiwa mkali kama wa chaja yenu, magnesiamu hutawala na ukoko huwa laini wa kukwangulika. Tofauti hii ilimvutia msanifu majengo mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Wolf Hilbertz, ambaye katika miaka ya 1970 alianza kujaribu kuotesha kuta za mawe baharini kwa kupitisha umeme katika wavu wa chuma. Baadaye, akiwa na mtafiti wa matumbawe Thomas Goreau, njia hiyo iligeuzwa kuwa ya kuotesha matumbawe, na viunzi vyao vinavyojulikana zaidi viko Pemuteran, kaskazini mwa kisiwa cha Bali. Majengo hayakutokea, lakini matumbawe yaliota juu ya chuma.

Swali la pili linajibiwa na misumari yenyewe. Anodi ni mahali ambapo kitu fulani lazima kitoe elektroni, na kinachotoa ni kile kinachotoa kwa urahisi zaidi. Atomu za chuma ziko tayari kutoa elektroni kabla ya kloridi kufikiria, kwa hiyo msumari unaliwa: Fe → Fe²⁺ + 2e⁻. Ioni hizo zikikutana na haidroksidi kutoka upande wa pili hufanya lile tope la kijani, na hewa ikiligusa linakuwa kutu. Shaba nayo huliwa, ingawa si kwa wepesi wa chuma, na rangi mlizoziona ni misombo ya shaba yenye kloridi, oksidi na haidroksidi. Kaboni haiwezi kuyeyuka hivyo, na ndiyo sababu kloridi ilipata zamu yake. Vumbi jeusi ni kaboni inayobomoka, kwa kuwa oksijeni kidogo inayotoka hapo huila na kuigeuza kuwa kaboni dioksidi.

Nimesema oksijeni kidogo, na hapa ndipo swali la tatu lilipo. Mmumunyo wa bahari una takriban nusu moli ya kloridi kwa lita, yaani si ule uliokolea wa kitabu wala si ule hafifu wa kitabu. Kwa hesabu za karatasini oksijeni ingepaswa kushinda, kwa sababu katika maji yenye pH ya bahari inahitaji msukumo mdogo kuliko klorini kwa karibu nusu volti. Lakini kutoa molekuli moja ya oksijeni ni kazi ya elektroni nne na hatua kadhaa, na juu ya kaboni kazi hiyo huenda polepole mno. Klorini inahitaji elektroni mbili tu na huenda haraka. Mwenye mbio anamtangulia mwenye haki. Kwa hiyo jibu sahihi kwa mwanafunzi wako ni kwamba gesi zote mbili hutoka, klorini ikiwa nyingi zaidi juu ya kaboni, na kwamba uwiano wao hubadilika kufuatana na kitu ambacho anodi imetengenezwa kwacho. Anodi iliyopakwa dioksidi ya manganizi, kwa mfano, hutoa karibu oksijeni tupu katika maji hayohayo ya bahari.

Ukitaka kuwapa hesabu, tumia kanuni ambazo Michael Faraday alizitangaza katika miaka ya 1833 na 1834. Ampea moja ikipita kwa saa moja hubeba kulombu 3,600, na moli moja ya elektroni ni kulombu 96,485. Hesabu ikifanywa hadi mwisho, saa hiyo moja hutoa nusu lita ya haidrojeni kasoro kidogo, na huyeyusha gramu moja ya chuma, au, kama klorini ingetoka peke yake, ingetoa gramu 1.3 za klorini. Wapime msumari kabla na baada. Ni hesabu chache za kemia ambazo jibu lake linaonekana kwenye mizani ya kawaida.

La mwisho kwa leo. Msijaribiwe kutumia vijiko vya chuma kisichoshika kutu kama anodi kwa kudhani ni safi zaidi. Vina kromi, na umeme unaweza kuitoa kromi hiyo katika umbo la sumu linalosababisha saratani. Kundi la kaboni lifanyie kazi nje, au madirisha yakiwa wazi.

---

MbaliNaUnguja amejibu:

Asalaam alaykum. Nawasalimu kutoka Maskati. Mimi si mkemia bali ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na yale ambayo Mwalimu ameyafanya katika chupa ya jemu sisi tunayafanya usiku na mchana kwa makusudi.

Maji ya bahari yanapoingia katika mabomba yetu huja na mbegu za viumbe wa kila aina, na wakiachwa waote, bomba la kupita mtu linazibika kwa makombe. Dawa ni klorini, lakini kusafirisha mitungi ya klorini ni hatari na gharama, kwa hiyo klorini inatengenezwa palepale kwa kupitisha umeme katika sehemu ndogo ya maji hayohayo ya bahari. Hatutenganishi anodi na kathodi kwa ukuta. Klorini inayotoka upande mmoja inaachwa ikutane na besi inayotoka upande wa pili, na matokeo yake ni hipokloriti ya sodiamu, yaani jiki, pamoja na haidrojeni:

NaCl + H₂O → NaClO + H₂

Anodi zetu ni za titaniamu iliyopakwa oksidi za rutheniamu na iridiamu, madini ambayo bei yake sitaitaja mbele ya walimu. Hazibomoki kama kaboni wala haziliwi kama chuma, na zimepakwa hivyo ili klorini itoke kwa wepesi kuliko oksijeni.

Nilitaka hasa kuzungumzia huo utando mweupe, kwa sababu kwa Mwalimu ni swali la darasani lakini kwetu ni adui. Nafasi kati ya anodi na kathodi ni milimita chache tu. Haidroksidi ya magnesiamu ikijijenga kwenye kathodi, nafasi hiyo inaziba, mwendo wa maji unapungua, joto linapanda, na mtambo unaweza kuungua. Tunafanya mambo mawili. Tunayasukuma maji kwa kasi ili yaukwangue utando kabla haujashika, na kila baada ya muda tunasimamisha mtambo, tunayatoa maji yote ya klorini, tunasuuza, kisha tunazungusha asidi hafifu ya haidrokloriki mpaka kathodi ziwe safi. Mzee wangu MkemiaMstaafu ameonya kuhusu siki kukutana na jiki. Mtu anayeruka hatua ile ya kusuuza kwetu hupata klorini ya kujaza jengo, na somo hilo hufundishwa siku ya kwanza kabla ya mtu kuonyeshwa hata choo kiko wapi.

Jambo la pili ambalo huenda likamfaa Mwalimu ni bromidi. Bahari ina takriban miligramu 65 tu za bromidi kwa lita, lakini hipokloriti ikishatengenezwa na kumwagwa katika maji mengi ya bahari huivamia bromidi hiyo mara moja na kuigeuza kuwa asidi ya hipobromasi. Kwa hiyo kinachoua mbegu za makombe ndani ya mabomba yetu, kwa sehemu kubwa, ni bromini, ingawa kila mtu kiwandani anaiita klorini na vipimo vyetu vimeandikwa klorini.

Haidrojeni nayo haiachwi ijikusanye. Hewa ikiwa na haidrojeni kuanzia asilimia 4 inaweza kulipuka, kwa hiyo feni kubwa huipeperusha na kuizimua kabla haijatoka nje. Na kabla maji hayajafika kwenye tando za kuchuja chumvi, klorini yote iliyobaki hunyweshwa dawa ya kuiua, kwa sababu tando hizo huharibiwa nayo. Yaani tunaitengeneza kwa umeme mwanzoni na kuiua kwa dawa mwishoni.

---

FundiMashua amejibu:

Nimesoma kwa makini, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba. Naomba kuuliza wazee. Mimi natengeneza mashua za mbao na injini zake. Kwenye injini ya nyuma huwa tunafunga kipande cha zinki, nacho huliwa chenyewe bila umeme wowote, na rafadha inabaki salama. Je, hilo ni jambo moja na haya mnayoyazungumza? Nauliza pia kwa sababu mwenye mashua mmoja alinitaka nifunge zinki nyingi kadiri inavyowezekana, hata chini kwenye vyuma vya mkuku, akiamini kwamba zikizidi ndiyo usalama unazidi. Baada ya msimu mmoja nilipoipandisha mashua, vyuma vilikuwa vizima na vyeupe kama vimepakwa chokaa, lakini mbao zilizovizunguka zilikuwa laini na zenye nyuzinyuzi, unaweza kuzichoma kwa bisibisi. Mwenye mashua alinilaumu kwamba niliweka mbao mbovu. Mbao ilikuwa mvule.

---

MkemiaMstaafu amejibu:

Fundi, swali lako ni zito kuliko mengi niliyoulizwa na waliofika chuo kikuu, na nadhani mbao yako haikuwa na kosa.

Ni jambo lilelile likiwa limegeuzwa. Mwalimu alisukuma umeme ndani ya maji kutoka nje. Zinki yako inautengeneza umeme huo yenyewe. Zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko aluminiamu ya injini, chuma au shaba, kwa hiyo ikiunganishwa na vyuma hivyo ndani ya maji ya chumvi inakuwa anodi na kuliwa, na vyuma vyote vilivyounganishwa nayo vinakuwa kathodi. Kathodi hailiwi. Mwingereza Humphry Davy alilionyesha hilo mwaka 1824, alipoombwa msaada wa kuokoa mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita. Alifunga vipande vya zinki au chuma, na shaba ikaacha kuliwa. Lakini mpango wake uliachwa, kwa sababu shaba inayoyeyuka kidogokidogo ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza makombe na majani ya baharini, na ilipoacha kuyeyuka, meli zikavaa bustani na kuwa nzito. (Na kwa kuwa zinki hulinda kwa kuliwa ndani ya maji, haipakwi rangi, ndugu yangu, ingawa nimeona nyingi zimepakwa pamoja na tumbo la boti. Zinki iliyopakwa rangi ni mzigo tu.)

Sasa fikiria kilichotokea kwenye mkuku. Ulipoongeza zinki, vyuma vile viligeuka kathodi yenye nguvu, na kathodi ndani ya maji ya bahari hutengeneza besi, iwe katika chupa ya jemu au chini ya mashua. Ile rangi ya chokaa uliyoiona ni utando wa Mwalimu uleule, kalsiamu na magnesiamu. Katika nguzo za chuma za gati utando huo ni rafiki, kwa sababu huufunika chuma na kupunguza umeme unaohitajika kukilinda. Lakini chuma chako kilikuwa kimekumbatiwa na mbao, mahali ambapo maji hayapiti kwa kasi, na besi ilirundikana bila kuzimuliwa. Besi huyeyusha ile gundi ya asili inayozishika nyuzi za mbao, na viwanda vya karatasi hutumia besi kwa kazi hiyohiyo ya kuzitenganisha nyuzi. Mvule, msaji, zote huathirika, tofauti ni muda tu.

Dawa yake ni kuweka zinki kwa kiasi, na kutounganisha nayo vyuma vilivyozama ndani ya mbao ambavyo havina dalili ya kuliwa. Sehemu iliyokwisha kulainika ikatwe. Mbao ya jirani iliyo bado ngumu ioshwe kwa siki iliyozimuliwa ili besi iliyobaki iuawe, ikauke vizuri, ndipo ipakwe.

---

KijanaWaChuo amejibu:

Nashukuru kwa kusahihishwa, Mzee. Nina swali dogo: kwa kuwa haidrojeni inatoka kwa wingi na bahari haina bili, haiwezekani familia ya pwani kuitengeneza na kuipikia badala ya mkaa?

---

MbaliNaUnguja amejibu:

Bahari haina bili, mdogo wangu, lakini umeme unayo. Kilo moja ya haidrojeni ikiungua hutoa joto la takriban kilowati-saa 39, wakati kuitenganisha na maji kwa mitambo mizuri hula takriban kilowati-saa 50. Ukiwa na umeme huo mkononi, chomeka jiko la umeme moja kwa moja. Tena katika maji ya bahari pamoja na haidrojeni utapata klorini ambayo hukuiomba, na hujaambiwa utaimwaga wapi. Haidrojeni ya majikoni sitaki hata kuiwazia; ninaiona kila siku nyuma ya feni na bado naiogopa.

---

MwalimuPwani amejibu:

Nawashukuru wote, na FundiMashua nimemnukuu darasani bila kumtaja.

Tumefanya jaribio la siki. Utando kutoka kwenye kathodi za chaja ya volti 5 ulisuuzwa mara tatu. Haukuyeyuka katika maji, na katika siki ulitoweka bila povu la kuonekana. Tuliacha pia chupa ya nne kwa siku tano, ikiwa na fimbo za kaboni na umeme wa betri mbili za tochi tu, yaani volti 3, na maji tukiyabadilisha kila asubuhi. Ukoko wa chupa hiyo ulikuwa mwembamba, wa kijivu, mgumu kiasi cha kuhitaji kisu, na ulipodondoshewa siki ulichemka povu dogo lakini la wazi. Wanafunzi walipiga kelele kama wamefunga goli.

Msumari wa anodi tuliupima kwenye mizani ya duka la dhahabu la jirani, kwa hisani ya mwenyewe. Mita ilisoma ampea 0.4 kwa wastani, tukauacha saa mbili, na kwa kanuni ya Faraday tulitarajia upungue gramu 0.83. Ulipungua gramu 0.79. Mwanafunzi aliyeuliza kama bahari inakosea anadai sasa kwamba ile gramu 0.04 iliyobaki ni kutu iliyokuwa bado imeng'ang'ania kwenye msumari, na amekwenda kuusugua tena.